Makazi holela katika miji inayotanuka: tuanze na hati au tuanze na barabara?

#1 (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa,

Kila mjadala wa makazi holela unapoibuka huanzia mahali palepale: watu wanakimbilia mjini, hawana kipato, wanajenga ovyo, na mamlaka ama zinawafumbia macho au zinawabomolea. Naomba safari hii tuuanzie shambani, pembezoni mwa mji, miaka kadhaa kabla nyumba ya kwanza haijasimama, kwa sababu mengi tunayoyalalamikia baadaye huamuliwa pale, na huamuliwa na watu wachache wasio na mchoro wowote mkononi.

Mwenye shamba ana shida ya fedha, au ameona mji unasogea na anahofia kwamba siku moja ardhi yake itatwaliwa kwa fidia ndogo, hivyo anaamua kuuza mapema. Dalali anamletea mnunuzi. Kipande kinapimwa kwa hatua za miguu, mipaka inawekwa kwa mawe au kwa miti inayoota haraka, makubaliano yanaandikwa kwenye karatasi, mashahidi wanatia saini na kiongozi wa mtaa anagonga muhuri. Mnunuzi wa kwanza hana haja ya barabara, kwa kuwa anafika kwake kwa kukatiza kwenye shamba lililobaki. Wa tano anaanza kuulizia njia, naye anaachiwa upana wa kupitisha mkokoteni. Ikifika zamu ya mnunuzi wa ishirini, kila hatua ya ardhi inayoachwa wazi ni hatua ambayo muuzaji hakulipwa, na kila aliyekwisha kujenga amesogeza ukuta wake mbele kidogo ili asije akazidiwa na jirani. Hakuna aliyekusudia ubaya, ila ardhi ya umma imekwisha kabla umma haujafika.

Miaka kumi baadaye ndipo gharama inapoonekana. Gari la kunyonya majitaka haliingii, kwa hiyo choo kikijaa huchimbwa kingine pembeni yake, au hufunguliwa mvua inaponyesha ili maji yachukue kilichomo. Gari la zimamoto nalo linaishia barabara kuu. Bomba kubwa la maji halina pa kupita bila kuvunja sebule ya mtu, na kila nyumba inayovunjwa inadai fidia. Wakati huo nyumba nyingi zimekwisha kuwa za matofali, zina umeme, na wenyewe wanaishi humo na familia zao, wengine wakiwa ni watumishi wenye mishahara ya kila mwezi. Umaskini peke yake hauwezi kutueleza kwa nini mtu aliyejenga nyumba ya vyumba vinne anaishi mahali pasipofikika kwa gari.

Kwa ukubwa wa jambo lenyewe, mwaka 2003 UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao makuu Nairobi, lilikadiria kwamba mwaka 2001 watu milioni 924 duniani walikuwa wakiishi katika mitaa ya mabanda. Makadirio ya miaka hii ya karibuni yamevuka bilioni 1.1, yaani takribani robo ya wakazi wote wa mijini. Kipimo chao kinaangalia mambo matano: maji salama, choo, uimara wa nyumba, nafasi ya kutosha (watu wasizidi watatu kwa chumba) na usalama wa umiliki. Kaya ikikosa mojawapo, inahesabiwa. Barabara haimo katika orodha hiyo, na kwa maoni yangu huo ni upungufu mkubwa, kwa sababu barabara ndiyo inayobeba maji, majitaka, umeme na gari la wagonjwa.

Kuhusu wahamiaji, tusiwatupie lawama zote. Katika nchi nyingi zinazoendelea sehemu kubwa ya ongezeko la watu mijini inatokana na watoto wanaozaliwa humohumo mijini. Hata kama milango ya mji ingefungwa leo, watoto hao wangekua, wangeoa na kuolewa, na wangehitaji viwanja.

Hoja yangu ni kwamba makazi holela huongezeka pale ambapo utoaji wa viwanja halali ni wa polepole kuliko ongezeko la wanaohitaji viwanja, na kwamba dawa ya bei nafuu kuliko zote ni kutenga njia kabla ya nyumba, hata kama njia hizo zitabaki za vumbi kwa miaka ishirini. Ushahidi mzuri tunao hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Tanzania kwa mkopo wa Benki ya Dunia iliendesha mradi wa viwanja na huduma katika miji saba. Baadhi ya maeneo yalipimwa yakiwa matupu, mfano Sinza, Kijitonyama na Mikocheni jijini Dar es Salaam; mengine, kama Manzese, yalikuwa yamekwisha kujaa watu, nayo yakaboreshwa yalivyo kwa kupitishiwa barabara na maji. Watafiti waliolinganisha makundi haya mawili zaidi ya miaka thelathini baadaye walikuta kwamba maeneo yaliyopimwa yakiwa matupu yana nyumba bora zaidi kwa tofauti iliyo wazi, na mpangilio wake bado unaonekana. Ikumbukwe kwamba serikali haikuwajengea watu nyumba pale Sinza. Iliwapa kiwanja chenye mipaka na barabara, wakajenga wenyewe kwa kadiri ya mifuko yao.

New York ilifanya jambo hilohilo mwaka 1811, wakati karibu wakazi wake wote walikuwa wamejazana kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Manhattan. Makamishna walichora barabara kupita mashamba na vilima hadi mtaa wa 155, na barabara zile ndefu za kaskazini hadi kusini zikapewa upana wa futi 100. Vibanda vya maskini viliendelea kuwepo kwenye maeneo hayo kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, lakini mji ulipofika, mistari ya barabara ilikuwa inausubiri.

Naomba kukosolewa.

#2

Mleta mada, umeandika kwa kina, lakini suala la hati umelikwepa. Mchumi Hernando de Soto wa Peru alilieleza vizuri: mtu mwenye nyumba isiyo na hati ana mali ambayo haiwezi kuzaa mtaji, kwa kuwa hawezi kuiweka rehani benki. Peru ilianzisha chombo maalumu cha kurasimisha mwaka 1996 na ikagawa hati zaidi ya milioni moja kwa muda mfupi. Tanzania nayo ikamwita, ndipo ikazaliwa MKURABITA (mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge), na katika miaka hiyohiyo ya 2000 zikaanza kutolewa leseni za makazi kwa watu waliokuwa wakiishi maeneo yasiyopimwa.

Mtu anayejua kwamba hatabomolewa hujenga vizuri, na mtu anayehofia tingatinga hujenga kwa mabati na mbao ili hasara isiwe kubwa. Kwa mtazamo wangu hati ndiyo mwanzo wa yote, na barabara zitakuja zenyewe wenye mali wakishakuwa na sauti.

#3

Ndugu #2, nusu ya hoja yako imethibitishwa na nusu haijathibitishwa, na bahati nzuri ipo sehemu moja duniani ambapo mambo yalijipanga kana kwamba ni jaribio la maabara.

Mwaka 1981 familia takribani 1,800 zilivamia eneo lililokuwa wazi huko San Francisco Solano, kwenye viunga vya Buenos Aires, zikiamini kwamba ni ardhi ya serikali. Ikaja kubainika kwamba ardhi ilikuwa ya watu binafsi kadhaa. Mwaka 1984 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuitwaa kwa fidia ili wapewe wakazi. Baadhi ya wenye ardhi wakakubali fidia, na wakazi wa vipande hivyo wakapata hati. Wengine wakaenda mahakamani kudai zaidi, na kesi zikachukua miaka mingi, kwa hiyo majirani wa hatua chache tu, waliovamia siku hizohizo na wenye hali ileile, wakabaki bila hati. Mvamizi hakuwa na namna ya kujua mapema kwamba kipande alichokalia ni cha nani, wala kama mwenyewe angekubali fidia au angegoma. Kwa mtafiti, mazingira ya namna hii hayapatikani mara mbili.

Matokeo yalikuwa haya: waliopata hati waliboresha nyumba zao zaidi, kaya zao zilipungua ukubwa, na watoto wao walisoma zaidi. Hapo #2 uko sahihi. Lakini mikopo ya benki, ambayo ndiyo ilikuwa ahadi kubwa, iliongezeka kwa kiasi kidogo mno. Hata Peru kwenyewe utafiti ulionyesha kwamba faida kubwa ya hati ilikuwa watu kuacha kubaki nyumbani kulinda kiwanja na kwenda kufanya kazi nje, na kwa upande wa mikopo ya benki binafsi hakukuwa na mabadiliko ya kujivunia. Benki haimkopeshi mtu kwa sababu ana hati. Inataka kuona kipato cha kulipa, na ikikumbuka usumbufu wa kuiuza nyumba ya maskini katikati ya majirani zake, inakunja faili.

Leseni za makazi ulizozitaja zilianza na muda wa miaka miwili, baadaye ukaongezwa hadi mitano. Karatasi ya miaka miwili haimwambii mtu aweke zege.

#4

Naomba nizungumzie kundi ambalo mpaka sasa halijatajwa hata mara moja, nalo ni wapangaji.

Mleta mada ameeleza mwenye shamba na mnunuzi, #2 na #3 wameeleza mwenye nyumba na hati yake. Lakini katika mitaa ya mabanda ya Nairobi walio wengi ni wapangaji. Mwenye mabanda anaishi kwingine, ana safu ya vyumba vya mabati kumi au ishirini, anakusanya kodi kila mwezi, na ardhi iliyo chini ya mabanda hayo mara nyingi ama ni ya serikali au ina hati ya mtu mwingine kabisa. Sasa hati atapewa nani? Ukimpa mwenye mabanda, umemzawadia asiyeishi pale. Ukimpa mpangaji, mwenye mabanda ataleta vijana usiku. Ukijenga ghorofa na kumpa mpangaji chumba, atakikodisha kwa mwenye kipato cha juu na kurudi kwenye banda, na mimi simlaumu, kwa sababu tofauti ya kodi inamlisha.

Tena tuwe waangalifu na takwimu. Kwa miaka mingi Kibera ilitajwa kuwa na watu milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu takribani 170,000. Wapo wanaodai kwamba sensa ilipunguza, na hilo linawezekana, lakini pengo kati ya idadi hizo mbili ni kubwa mno. Ukipanga idadi ya vyoo na shule kwa takwimu za kusimuliana, utakosea kwa upande mmoja au mwingine.

Mfano ninaouona unajibu swali la nani apewe unatoka Thailand. Mpango wao uitwao Baan Mankong, ulioanza mwaka 2003, hauanzi na mtu mmoja mmoja. Wakazi wanaunda kwanza kikundi cha akiba, kikundi ndicho kinachokopa, ndicho kinachokodi au kununua ardhi kwa pamoja, na ndicho kinachojadiliana na mwenye ardhi. Mara nyingine wakazi wanahamia upande mmoja wa eneo na kumwachia mwenyewe upande ulio karibu na barabara, ambao ndio wenye thamani. Kwa kuwa ardhi iko mikononi mwa kikundi, mkazi hawezi kuamka asubuhi akamuuzia tajiri, na aliyekuwa mpangaji anaingia kwa akiba yake kama wenzake.

#5

Mimi nitasema kile ambacho wengi hamtaki kukisema. Sheria ipo, mabonde yanajulikana, hifadhi ya barabara inajulikana, na mtu anajenga akijua. Anayejenga bondeni akibembelezwa leo, kesho wataongezeka kumi. Bomoabomoa inauma, lakini mji usiobomoa hautapangika milele.

#6 (mleta mada)

Nawashukuru wote. Nianze na #5, kwa kuwa hoja yake ndiyo inayotekelezwa mara nyingi zaidi kuliko zetu zote.

Zimbabwe ilibomoa kwa kiwango cha nchi nzima mwezi Mei 2005, katika operesheni iliyoitwa Murambatsvina. Mama Anna Tibaijuka, wakati huo akiwa mkuu wa UN-Habitat, alitumwa na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuchunguza, na ripoti yake ilikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Lagos iliubomoa mtaa wake wa Maroko mwezi Julai 1990 na kuwaondoa watu wanaokadiriwa kufikia 300,000, na eneo hilo leo ni la watu wenye uwezo. Rio de Janeiro ilihamisha watu kutoka mitaa ya mabanda iliyo karibu na fukwe na kuwapeleka mbali katika miaka ya 1960. Cidade de Deus ilijengwa na serikali kwa ajili ya waliohamishwa, na baadaye yenyewe ikajulikana duniani kote kuwa mtaa wa mabanda. Katika matukio yote matatu watu hawakutoweka. Walikwenda kujenga mahali pengine, safari hii wakiwa maskini zaidi na mbali zaidi na kazi zao, hivyo mji ulioitwa safi ulijiongezea uchafu upande wa pili.

Nakubaliana nawe jambo moja, ndugu #5, nalo ni mabonde na miteremko mikali. Tarehe 14 Agosti 2017 mlima uliporomoka huko Regent, Freetown, baada ya mvua kubwa, na zaidi ya watu elfu moja walikufa au hawakuonekana tena. Mahali pa namna hiyo hapana cha kurasimisha. Ila swali linabaki: kwa nini mtu mwenye akili zake anajenga chini ya mlima unaomong'onyoka? Anajenga pale kwa sababu ni karibu na kazi na hakuna mwingine aliyekitaka kile kipande. Ukimhamisha bila kumpa kipande kingine kinachofikika kwa nauli anayoimudu, atarudi, na mwenye kuuza kipande cha bonde atampata mteja mwingine kabla wiki haijaisha. Mahakama ya Juu ya India ililiona hili mwaka 1985 katika kesi ya wakazi wa kando ya barabara za Bombay, ambapo majaji walikubali kwamba haki ya kuishi inabeba ndani yake haki ya kujipatia riziki, na kwamba kumwondoa mtu mahali anapolala ni kumwondoa pia kwenye kazi yake. Ajabu ni kwamba mahakama hiyohiyo iliruhusu wakazi wale waondolewe mvua za masika zikishapita. Nadharia nzuri haimzuii askari mwenye amri mkononi.

Kwa #2, sina ugomvi na hati. Ninachosema ni kwamba hati inagandisha mipaka kama ilivyo. Ukigawa hati leo kwenye mtaa wenye vichochoro vya mita moja na nusu, umeviandika vichochoro hivyo kwenye daftari la serikali, na kesho ukitaka kupitisha barabara utalazimika kuwalipa wenye hati kwa bei ya soko. Ndiyo maana naona upimaji shirikishi, ambao wakazi wanakubaliana kwanza nani atakatwa ukuta na nani ataacha kona, ndipo hati zifuate, una maana kuliko kampeni za kugawa karatasi kabla ya uchaguzi.

Kwa #4, nimejifunza. Suala la wapangaji linapunguza nguvu ya hoja yangu kwa maeneo ya katikati ya mji. Kule pembezoni, ambako nimeuanzia uzi, anayejenga mara nyingi ndiye atakayeishi.

#7

Mleta mada, kuna jambo unalipitia haraka. Viwanja vya Sinza viliwalenga watu wa kipato cha chini, na watafiti haohao uliowataja walikuta kwamba wanaoishi katika maeneo yale leo wana elimu zaidi kuliko walioko kwenye maeneo yaliyoboreshwa. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 jijini Dar es Salaam nao ulinufaisha zaidi wenye uwezo, ambao wengine walinunua na kuacha viwanja vimeota majani wakisubiri bei ipande. Je, barabara yako si ndiyo inayomfukuza maskini?

Pili, mnazungumza kana kwamba mtaa uliokwisha kubanana hauna dawa. Orangi, mjini Karachi, walionyesha vinginevyo. Mwaka 1980 Akhtar Hameed Khan alikwenda pale na kukuta majitaka yanatiririka vichochoroni huku wakazi wakisubiri serikali. Mradi aliouanzisha haukutoa fedha za mabomba. Ulitoa wataalamu, vifaa vya kupimia na michoro. Nyumba zilizoko kwenye kichochoro kimoja, ishirini hadi arobaini hivi, zilimchagua msimamizi wao. Msimamizi akakusanya michango, wataalamu wakapima mwinuko wa kichochoro na kukadiria gharama, wakazi wakachimba na kulaza mabomba wenyewe au kwa fundi wao. Gharama ilishuka mno ikilinganishwa na makadirio ya serikali, kwa sababu mkandarasi aliondolewa, na pamoja naye yale yanayoliwa njiani. Choo ndani ya nyumba, bomba la kichochoroni na bomba dogo la mtaa vikawa kazi ya wakazi. Bomba kuu na mtambo wa kusafisha vikabaki jukumu la serikali. Zaidi ya kaya laki moja zimejiunganisha kwa njia hii.

Angalia kwamba mgawanyo huo ulikuwa na kasoro yake: pale ambapo serikali haikulaza bomba kuu, majitaka ya vichochoro vyote yaliishia kwenye mto wa karibu. Kasoro nyingine ni hatari ya kazi yenyewe. Perween Rahman, msanifu majengo aliyeuongoza mradi na kuchora ramani za maeneo ambayo ardhi na maji vilikuwa vikiporwa, aliuawa kwa risasi mwezi Machi 2013. Ramani ya makazi holela si karatasi ya kitaalamu tu. Inaonyesha ni nani anayekula.

#8

Nimesoma uzi wote kwa makini. Swali langu ni fupi na naomba lisijibiwe kwa falsafa: huyo mwenye shamba ataachaje ardhi ya barabara bure, na halmashauri isiyo na fedha ya kulipa fidia itaipataje?

#9 (mleta mada)

Ndugu #7, nakubali kwamba viwanja vile viliishia mikononi mwa wenye nacho, lakini naitazama sababu yake kwa namna nyingine. Viwanja vikiwa elfu ishirini na wanaovihitaji ni laki kadhaa, aliye na fedha ndiye atakayeshinda, hata ukiviandikia jina la maskini. Kinachopunguza bei ni wingi. Ndiyo maana sizungumzii miradi mizuri ya viwanja vichache vyenye lami na taa. Nazungumzia kutenga njia kwenye eneo lote ambalo mji utalijaza katika miaka thelathini ijayo, kwa kiwango cha chini kabisa cha matumizi. Orangi naiheshimu sana, na nadhani kwa mitaa iliyokwisha kubanana ndiyo njia. Tena kuna jambo tunalisahau: vichochoro vya Orangi kwa sehemu kubwa vilinyooka, kwa sababu waliokata na kuuza viwanja vile kinyume cha sheria walivipanga kwa mistari tangu mwanzo. Dalali wa Karachi alikuwa mpangaji mji bora kuliko halmashauri nyingi.

Sasa swali la #8, ambalo ndilo kiini. Zipo njia tatu ninazozijua.

Ya kwanza ni kulipa mapema. Shlomo Angel na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York wamekuwa wakishauri miji itenge barabara kuu tu, zenye upana wa mita 25 hadi 30, zikipishana kwa kilomita moja hivi, na kuiacha mitaa ya ndani ijipange baadaye. Kuanzia mwaka 2013 walifanya kazi hiyo na miji minne ya Ethiopia, ambayo ni Adama, Bahir Dar, Hawassa na Mekelle. Ardhi inayohitajika ni asilimia chache tu ya eneo lote, na fidia ya shamba la mahindi ni ndogo mno ukilinganisha na fidia ya nyumba. Tukumbuke kwamba Ethiopia ardhi ni mali ya umma, kwa hiyo ugumu wao hauko mahali palepale ulipo wetu.

Ya pili ni kutumia ule muhuri wa kiongozi wa mtaa. Mauzo yanafanyika mbele yake iwe sheria inayatambua au haiyatambui. Apewe mchoro wa eneo lake wenye njia chache zilizokolezwa, na masharti ya kutogonga muhuri kwenye karatasi inayouza ndani ya mistari hiyo. Gharama yake ni ya kuchapisha ramani na kuweka bikoni chache. Udhaifu wake mnaujua: kiongozi huyo mara nyingi ana kamisheni yake kwenye mauzo, kwa hiyo bila mtu wa kumkagua, mchoro utabaki ukutani.

Ya tatu ndiyo inayomjibu #8 moja kwa moja, kwa sababu ardhi ya barabara inapatikana bila fedha taslimu. Wenye mashamba wa eneo zima wanaunganisha ardhi yao kwenye mchoro mmoja. Barabara, shule, na maeneo ya wazi yanakatwa kutoka kwenye jumla, kisha kila mmoja anarudishiwa kiwanja kilicho kidogo kuliko shamba lake la awali, lakini kimenyooka, kimepimwa na kina barabara mbele yake. Ardhi inapungua, thamani inaongezeka. Frankfurt ilipata sheria ya namna hii mwaka 1902 chini ya meya wake Franz Adickes, Japani imeijenga sehemu kubwa ya miji yake kwa utaratibu huu, na jimbo la Gujarat nchini India linautumia hadi leo. Barabara ya mzunguko ya Ahmedabad, yenye urefu wa kilomita 76, ilipatiwa sehemu kubwa ya ardhi yake kwa kuwakata wenye mashamba kwa uwiano, badala ya kutwaa shamba zima la mtu mwenye bahati mbaya na kumwacha jirani yake atajirike kwa barabara ambayo hakuchangia chochote. Baadhi ya viwanja hubaki kwa mamlaka, vingine viuzwe kulipia mifereji na vingine vitengwe kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, na hapo ndugu #7 huenda ukapata jibu la swali lako pia.

Utaratibu huu una sharti gumu. Unahitaji daftari la ardhi linaloaminika, kwa sababu huwezi kumrudishia mtu sehemu yake ikiwa watu watatu wanadai shamba lilelile, na unahitaji wapima ardhi wa kutosha, ambao halmashauri nyingi hazina. Zaidi ya hayo, unawezekana tu mashamba yakiwa bado makubwa. Mwenye ekari tatu akikatwa theluthi moja anabaki na kitu cha kuuza kwa bei nzuri zaidi. Aliyenunua kipande cha mita 15 kwa 20 akikatwa theluthi hiyohiyo habaki na mahali pa kuweka nyumba na choo, naye atagoma, na atakuwa na haki ya kugoma. Kwa hiyo, ndugu #8, halmashauri isiyo na fedha inaweza kuipata barabara kwa njia hii ilimradi ifike shambani kabla ya dalali.